BIDINGI SI KAZI YA KITOTO



Katika mkutano wa tawi uliopita alisimama mwenzetu mmoja wa gangi ya njia, akauliza kwa nini Chama kipoteze saa nzima kuzungumza habari za ukanda wa kung'aa wa gari la tajiri. Watu wengi walicheka. Sisi wakaguzi wa mabehewa wa hapa Eldoret hatukucheka, maana kijana aliyekatwa mshahara kwa ajili ya ukanda huo ni mtoto wa mwenzetu, nasi twamjua tangu alipokuwa akija stesheni na chakula cha baba yake, amevaa kaptura ya shule. Basi twaomba nafasi katika karatasi hii tueleze jambo lenyewe polepole, kwa kuwa katika mkutano hatukupewa nafasi ya kumaliza.

Kijana huyu alipotoka shule aliandikwa kazi ya bodi katika gereji moja ya mjini. Jina la gereji hatulitaji, na mwenye haja ya kulijua aje atuulize kwa mdomo. Mshahara wake ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa, kufunika vioo kwa magazeti kabla ya rangi, na kushika ncha ya pili ya kila kitu kirefu. Ikaletwa Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1965, na mwenyewe akasema ataipeleka Nairobi kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Ngong Racecourse. Maonyesho haya yalianza mwaka 1970, na waamuzi wake si watu wa kutazama gari kwa mbali. Huangalia nje, huangalia ndani, huangalia injini, hata huinama wakachungulia chini ya gari.

Rangi ilipigwa ikapendeza. Siku mbili kabla ya safari, bidingi zote saba zilikuwa bado zimelala sakafuni juu ya gunia. Gari lile lina saba, kwa wale wasiojua: moja ya boneti, mbili za ubavu wa mbele, mbili za milango na mbili za ubavu wa nyuma. Kijana akaambiwa azirudishe. Akatazama klipu zilizotoka, nyingi zimevunjika, nyingine hazionekani. Akamwendea mkuu wake.

"Mzee, klipu hazitoshi."

"Zitafute kwa lile Volkswagen bovu kule nyuma."

Alikwenda, akazitoa, akazijaribu. Zilicheza tundu. Lile bovu lilikuwa la miaka ya sabini, na bidingi za Volkswagen tangu zile za mwaka 1967 ni nyembamba kuliko za zamani, na klipu zake ni ndogo vilevile. Klipu ndogo katika tundu kubwa haishiki. Akarudi kwa mkuu wake mara ya pili.

"Mzee, hizi si zake. Zitatoka njiani."

"Wewe kijana, bidingi ni bidingi. Piga skrubu milangoni, boneti weka gundi. Mwenyewe anakuja saa kumi."

Akafanya kama alivyoambiwa. Na ninyi mngefanya hivyo hivyo, msijidanganye. Gari likaondoka alfajiri. Walipopita Burnt Forest, kabla ya kufika Timboroa, bidingi ya mlango wa kushoto ilifunguka ncha ya mbele, upepo ukaingia chini yake, ikaanza kupiga mlango pa, pa, pa, ikachora rangi mpya mpaka chuma kikaonekana, halafu ikang'oka, na lori lililokuwa nyuma likaikanyaga. Mwenyewe hakufika Ngong. Aligeuza gari akarudi, na maneno aliyosema pale gereji hayaandikwi katika karatasi ya watu wenye watoto.

Mwenye gereji alilipa rangi, akalipa bidingi nyingine. Halafu akamwita kijana akamwambia kwamba atamkata shilingi 5,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Yaani mshahara wa mwezi mzima umekwenda kwa kipande cha alumini kisichofika uzito wa mkate.

Sasa yule mwenzetu wa gangi ya njia asema, "Kwani bidingi ni kitu gani? Ni urembo tu." Hapo ndipo twataka kusimama kidogo, maana neno hili "urembo tu" ndilo lililomkata kijana mshahara. Kazi ikiitwa urembo hupewa mtoto, haipewi muda, wala hainunuliwi vifaa vyake. Lakini ikiharibika, mara moja yageuka kuwa kazi kubwa, na hasara yake kubwa, na mwenye kosa atafutwa.

Ni kweli bidingi yapendeza. Lakini waliozibuni hawakuwa na nia ya kupendeza peke yake. Katika magari mengi yafunika maungio ya mabati mawili, au mahali rangi mbili zinapokutana, na huzuia mlango wa gari la jirani usigonge rangi. Sisi wa mabehewa twaielewa upesi, maana mabehewa ya zamani ya mbao yalikuwa na papi nyembamba zilizopigwa juu ya kila ungio la ubao, kukinga maji ya mvua yasiingie. Nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ukayatazame. Watoto wa shule hukimbilia behewa ambalo simba alimtoa Ryall wa polisi pale Kima mwaka 1900, na ni haki yao, hadithi ni ya kutisha. Sisi tukienda pale twatazama papi. Papi ikioza, ubao ulio nyuma yake umekwisha oza zamani.

Na katika gari la chuma ni vivyo hivyo, ila adui ni kutu. Tundu la klipu ni mahali ambapo fundi wa kiwandani alitoboa bati kwa makusudi. Kila tundu ni mlango wa maji. Ndiyo sababu klipu halisi huwa na kizibo chake cha mpira au plastiki, na kazi ya kizibo kile ni kuziba tundu, si kushika tu. Fundi anayerudisha bidingi bila vizibo amefunga mapazia akaacha mlango wazi. Na mvua ya Eldoret mwaijua. Twapata ya mwezi wa nne, halafu twapata ile ya mwezi wa saba na wa nane, ambayo haina haraka ya kuondoka. Maji huingia kwa tundu, hushuka ndani ya mlango, na vitundu vya chini vya kutolea maji vikizibwa na matope, basi mlango huliwa kutoka ndani kwenda nje. Siku mwenye gari anapoona lengelenge dogo la rangi, ndani bati limebaki kama karatasi.

Hatusemi haya kwa majivuno. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe, watatu wa karakana, tulijifanya mafundi juu ya Peugeot 404 ya mwenzetu aliyestaafu. Gari zuri lile, namna ile ile iliyoshinda Safari mwaka 1963, na tena mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968, na mzee huyo alilitunza kama ng'ombe wa mahari. Bidingi zake zilikuwa zimelegea. Tukachukua drili, tukatoboa matundu mapya, tukapiga skrubu kumi na mbili za chuma, tukafuta mikono, tukanywa chai. Alitushukuru sana. Baada ya mvua mbili kila skrubu ilikuwa na chozi lake jekundu la kutu likishuka ubavuni, na pembeni mwa kila skrubu alumini imefanya unga mweupe. Madini mawili yasiyo ya jamii moja yakigusana penye maji, moja huliwa. Na skrubu moja ilikuwa ndefu mno, ikafika kioo. Aliposhusha kioo siku ile alisikia mkwaruzo, na mchoro uko hata leo katikati ya kioo. Hakutudai kitu. Tungependa angetudai.

Basi tulipomsikia yule mkuu wa gereji akisema, "Piga skrubu," tulijua maneno yale yanatoka wapi, maana yalitoka vinywani mwetu pia.

Tokea hapo tulijifunza kwa mafundi wenye subira, na tutaeleza kidogo jinsi kazi inavyokwenda, ili mwenye kusema ni ya kitoto apime mwenyewe.

Kazi huanza siku ya kutoa, si siku ya kurudisha. Bidingi haing'olewi kwa bisibisi. Hutolewa kwa kabari ya mbao laini au ya plastiki, na rangi ya karibu hufunikwa kwa tepu, na kabari huingizwa palipo na klipu, si katikati ya klipu mbili, maana katikati ndipo inapokunjika. Alumini ikisha kukunjika hukumbuka. Waweza kuinyoosha juu ya ubao kwa nyundo ya mbao, polepole, lakini ukiitazama kwa kuelekea jua utaona kovu. Kila moja huandikwa nyuma yake, kushoto au kulia, mbele au nyuma, na klipu huhesabiwa zikatiwa katika kopo. Hapo hapo, siku ya kwanza, fundi ajua klipu ngapi za kununua. Katika habari ya kijana wetu, bidingi zilitolewa na mtu mwingine, tena kabla kijana hajaandikwa, na hakuna aliyehesabu.

Kisha matundu. Kila tundu lakwanguliwa kutu, lapakwa rangi ya chini ya kuzuia kutu, halafu rangi yenyewe, na lapakwa hata ule ukingo wa ndani ambao hakuna mwamuzi wa Ngong atakayeuona. Tundu lililopanuka kwa kutu huchomelewa likatobolewa upya. Rangi mpya huachwa ikauke kabisa mpaka ndani, maana rangi iliyokauka juu tu hubonyea chini ya klipu na kupasuka. Mwenye haraka hushindwa hapa. Rangi ile ya Volkswagen ilikuwa na siku tatu.

Kusafisha nako kuna akili yake. Bidingi nyingi za alumini zimepakwa kiwandani ngozi nyembamba ngumu kwa njia ya umeme, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia isififie. Ukisugua kwa waya wa sufuria, umeitoa, nayo itang'aa wiki moja halafu iwe kijivu daima. Sabuni ya kawaida na kitambaa yatosha. Wala usitie magadi makali ya kufulia mabomba, maana hula alumini mbele ya macho yako.

Kurudisha sasa. Huvutwa uzi kutoka mbele ya gari hadi nyuma kuona kama mstari wanyooka, maana jicho la mtu husamehe rangi isiyo sawa lakini halisamehi mstari uliovunjika mlangoni. Klipu hupangwa zilingane na matundu. Watu wawili hushika, mmoja huku na mmoja kule, kama gangi inavyobeba reli, isipokuwa reli haikunjiki kwa kupiga chafya. Huanza ncha moja, hubonyezwa kwa kiganja, klipu moja baada ya nyingine, na kila moja husikika ikisema tik. Isiposema tik haikuingia, hata kama yaonekana imeingia. Penye mlango huachwa nafasi, mlango hufunguliwa polepole mara ya kwanza huku mtu akichungulia, maana bidingi ya mlango ikigusana na ya ubavu, zote mbili zimekwisha. Penye bolti na nati upande wa ndani, nati hukazwa kwa vidole halafu robo ya spana basi. Ukikaza kwa nguvu za behewa, utaona shimo upande wa nje.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa reli hasa tungepaswa kulijua kabla ya wengine, na ni aibu kwamba tulilisahau tulipokuwa na drili mkononi. Kwa nini katika njia ya zamani huachwa nafasi kati ya reli na reli? Kwa sababu chuma hurefuka kwa jua. Alumini hurefuka karibu mara mbili ya chuma. Bidingi ya mita 1 ikipata joto la digrii 40 zaidi, hurefuka karibu milimita 1, na bati la mlango chini yake karibu nusu ya hiyo. Klipu huiruhusu iteleze kidogo. Skrubu haiiruhusu. Kwa hiyo gari lililofungwa bidingi kwa skrubu, likianikwa juani mchana na kupelekwa Timboroa alfajiri, mahali ambapo stesheni yetu iko zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari na baridi yake huuma masikio, bidingi yavutana na skrubu kila siku, mpaka tundu lipanuke au ukanda ubinuke. Kijana hakuwa ameifunga vibaya. Ilifungwa kwa njia ambayo haiwezi kushika.

Na gundi ya boneti! Ile inayonuka kama siki. Harufu ile ni asidi yenyewe, na juu ya bati lililo wazi huanzisha kutu badala ya kuizuia. Ziko nyingine zisizo na asidi, na ziko tepu za kubandika zilizotengenezwa kwa kazi hii, lakini kwa gari lenye matundu ya klipu, dawa ni klipu.

Hebu hesabuni wenyewe. Kutoa, kuhesabu, kutengeneza matundu, kungoja rangi, kupanga, watu wawili, siku nzima kwa mikono iliyozoea. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa mtu mmoja, mwenye mwaka mmoja wa kazi, bila klipu, akaambiwa saa kumi.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo twatofautiana hata na baadhi ya wenzetu katika tawi. Mwenye gereji asema hakuvunja sheria, kwa sababu hakukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Na wako wanachama waliosema, "Basi, amefuata kitabu." Tumetafuta kitabu tukakisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema kweli kwamba makato yote kwa wakati mmoja yasipite theluthi mbili ya mshahara. Lakini hiyo ni mipaka ya kiasi. Kabla ya kiasi kuna sababu. Kifungu hicho hicho chasema kwamba mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea mikononi mwake ikiwa mfanyakazi alifanya kosa hilo kwa kukusudia. Kwa kukusudia, ndugu zetu. Si kwa bahati mbaya, si kwa kutojua, wala si kwa kutii amri. Kijana aliyemwambia mkuu wake mara mbili kwamba bidingi itatoka njiani, halafu akaamrishwa, alikusudia nini? Kama kuna aliyekusudia pale, si yeye.

Tena kifungu cha 20 chataka mfanyakazi apewe karatasi yenye kuonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa. Kijana hakupewa karatasi. Alipewa noti zilizopungua ndani ya bahasha. Na kifungu cha 9 chataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mapatano ya maandishi. Hana. Haya mawili hayawahusu vijana wa gereji peke yao. Twajua wengi wenu mna watoto na wadogo zenu katika maduka, mashamba na viwanda vya mji huu, ambao hawajapata kuona karatasi ya mshahara hata moja. Waulizeni jioni hii.

Kuna walioleta neno la kwamba kijana si mwanachama wetu. Kweli si mwanachama. Wafanyakazi wa chuma wana chama chao katika Kenya, naye tumemwambia ajiunge, maana Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa haki hiyo, na mwenye gereji hawezi kumzuia. Lakini baba yake ni mwanachama wa miaka mingi, na shilingi 15,000 zile zilikuwa karo ya mdogo wake. Pia desturi ya kukata haina mpaka. Kila mahali pa kazi pana kitu ambacho siku moja kitapotea au kuvunjika, na mtu wa chini kabisa ndiye aliye karibu nacho zaidi.

Twataka kumtendea haki mwenye gereji vilevile. Yeye naye alibanwa. Mwenye gari alipatana naye bei ya rangi, halafu akakataa kulipa klipu akisema, "Bidingi zangu nilikuja nazo, zirudishe tu." Mwenye gari aliyekubali kulipa kwa ajili ya mng'ao wa boneti lakini si kwa ajili ya vizibo visivyoonekana ndiye mwanzo wa mambo yote haya, na wengi wa namna hiyo huja na magari mazuri. Lakini mwenye gereji alikuwa na njia. Angemwambia tajiri, "Bila klipu gari halitoki." Hakutaka kumpoteza mteja. Hofu yake ile akaishusha ngazi moja, ikamwangukia asiye na wa kumshushia.

Sisi kazini twatembea kando ya treni na taa na nyundo, twagonga magurudumu na kutazama breki na pini. Tukiona pini moja haipo, behewa halitoki, hata kama mkuu wa stesheni ana haraka na treni ya upande wa pili yangoja. Neno letu laandikwa katika kitabu na saa yake. Mtu akitaka litoke, na atie sahihi yake yeye. Twaulizana kila siku jinsi mambo yangekuwa kama kungekuwa na kitabu namna hiyo pale gereji, hata daftari la shilingi hamsini: saa fulani, kijana amesema klipu si zake, saa fulani, mkuu amesema piga skrubu. Mistari miwili ile ingekuwa na thamani ya shilingi 15,000.

Kwa hiyo tumeliomba tawi mambo haya. Kwanza, lifuatane na baba na kijana mpaka ofisi ya kazi, wasiende peke yao, maana mtu mmoja mbele ya meza husahau alichokuja kusema. Pili, litengeneze karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi juu ya vifungu vile vitatu, ipigwe chapa kwa mashine hii hii na kugawiwa bure penye magereji ya mjini na karibu na Sosiani. Tatu, lizungumze na vijana wa bodi juu ya mtihani wa ufundi wa serikali, unaosimamiwa na NITA, wa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Wako watu hapa mjini wenye miaka ishirini katika bati na hawana karatasi hata moja, na kila mwenye mali huwaita "kijana". Mwenye daraja naye anaweza kukatwa mshahara, hatukatai, lakini si rahisi kumwambia kazi yake ni urembo tu.

Wako wanaotuambia kwamba magari haya ya zamani yatakwisha, na kazi yake itakwisha nayo, tusisumbuke. Volkswagen ya namna ile ilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi wa saba mwaka 2003, na bado twaziona zikipanda barabara ya Uganda zikinguruma. Kadiri zinavyopungua, ndivyo bei yake inavyopanda, na ndivyo wenyewe wanavyozidi kutaka kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Kazi ipo. Swali ni nani atakayelipwa, na nani atakayekatwa.

Kijana bado yuko gereji. Mwezi wa kwanza amekatwa, wa pili amekatwa, wa tatu haujafika, na ndiyo sababu twaandika sasa na hatungoji mkutano ujao. Barua ya kudai imekwisha andikwa, baba yake ametia sahihi, na Jumatatu saa tatu asubuhi tutakuwa mlangoni pa ofisi ya kazi. Wasio zamu wanakaribishwa. Mje na nguo safi, na kelele iachwe nyumbani.

Na kama kuna mwenye klipu za bidingi za Volkswagen za kabla ya 1967, pamoja na vizibo vyake, tafadhali azilete kwetu karakana. Mlango wa kushoto wa gari lile umepakwa rangi tena, bidingi mpya imefika, na kijana amekataa kupiga skrubu.

Ni sisi,
Wakaguzi wa Mabehewa, Eldoret